Tumbo Halina Zamu

Tumbo halina zamu. Mmeisikia methali hiyo leo kwa akina mama wa kliniki, mkacheka, na sasa mnaniuliza ilikotoka. Basi funikeni hayo madaftari ya takwimu. Ilipozaliwa nilikuwepo, na laiti nisingekuwepo.

Jirani zangu Mashauri na mkewe Nyanzala walikuwa na mtoto mmoja, Lugata, mwenye selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtu huzaliwa nao. Mifupa ikimuuma, alilia mpaka sauti ikamkauka. Daktari aliwapima wazazi, akawaambia kwamba kwa watu kama wao, wanaoubeba bila kuumwa, mtoto mmoja kati ya wanne huzaliwa nao. Hawakuelewa, wakaja kwangu, mwalimu wa hesabu.

Mtaani kwetu kila jambo lilikwenda kwa zamu: maji ya bomba, ulinzi wa sungusungu, hata kufagia zahanati. Ukimaliza yako, unapumzika mpaka wenzako wote wamalize. Mashauri akapiga hesabu hiyo hiyo: Lugata ndiye yule mmoja, watatu watakaofuata ni wazima. Akatabasamu. Mwaka mzima nilikuwa sijamwona akitabasamu, nami nikanyamaza. Mwalimu mzima, nikanyamaza.

Nyanzala akamzaa Misoji. Alipofikisha miezi sita, mikono na miguu ikamvimba. Vipimo vikasema ni yale yale.

Wakaja wote wawili, cheti mkononi mwa Mashauri. "Mwalimu, si yule mmoja wetu alishapita?"

Ndipo nikawaeleza kwamba kila mimba huanza upya na robo yake ile ile, wala haijui iliyotangulia. Hao watatu wote kuwa wazima ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu: ishirini na saba kati ya sitini na nne. Haifiki hata nusu.

"Hesabu hiyo ulikuwa nayo siku ile?" Nyanzala akauliza.

"Nilikuwa nayo, mama Lugata."

Akamfunika mtoto vizuri. "Kumbe tumbo halina zamu," akasema, wakaondoka.

Maneno hayo alimwambia kila mwanamke aliyekaa naye kliniki, nao wakaambiana. Lugata tulimzika ana miaka tisa, Misoji akamfuata mwaka uliofuata. Mama yao hakuzaa tena, na mpaka leo salamu yangu haitikii.

Kwenye mtihani andikeni ishirini na saba juu ya sitini na nne, alama mtapata. Lakini mtu akiwajia na tumaini la uongo, msimwonee huruma kama nilivyofanya mimi. Mwambieni siku hiyo hiyo: tumbo halina zamu.