Upawa wa Bibi Uliofungiwa Kabatini

Wapendwa, kaeni vizuri. Mlio kule nyuma karibu na mlango sogeeni mbele, leo simgombezi mtu. Leo nina bibi mmoja tu. Si bibi yangu, wala si bibi wa yeyote aliyemo humu, kwa hiyo msianze kugeuzana shingo.

Bibi huyu aliishi shamba, kwenye minazi, na jiko lake ukiliingia ulijua umeingia kwenye milki ya mtu. Kinu kwenye kona yake, ungo ukutani, na miiko mitatu: wa ugali, wa wali, na mmoja wa kumtishia paka. Lakini kipenzi chake kilikuwa mbuzi. Akina baba, msimeze mate, nasema mbuzi ya kukunia nazi. Aliingia nayo siku ya ndoa. Kibao chake kilikuwa kinang'aa kwa kukaliwa miaka arobaini. Jirani akija kuiazima, bibi alimjibu, "Chukua sufuria, chukua kisu, ukitaka chukua na jogoo. Mbuzi, hapana."

Bibi alikuwa na mwana mmoja aliyekaa mjini na mke na watoto watatu. Kila Krismasi walikuja wote kumwona, na kila Krismasi walimletea chombo kipya cha jikoni. Mwaka mmoja walileta birika la umeme. Mwaka mwingine kikaango kile kisichogandwa na chakula. Na mwaka mwingine walimletea blenda, kubwa, ya kusaga mpaka nazi. Walikuwa na sababu. Bega la kulia la bibi lilikuwa limechoka. Akikuna nazi mbili leo, kesho hawezi kuinua mkono kufunga kilemba. Mwanawe akamwelekeza, "Mama, hii ni dawa ya bega lako. Unatia vipande vya nazi, unatia maji ya uvuguvugu, unabonyeza hapa. Basi."

Jamani, bibi alifurahi! Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje wakidhani kuna posa. Akaibeba blenda kwa mikono miwili mpaka sebuleni, akaiweka kwenye kabati la vyombo karibu na birika na kikaango, akaitandikia kitambaa cha kufuma juu. Kisha akarudi jikoni, akakaa kwenye mbuzi yake, akakuna nazi za Krismasi huku akiuma meno kwa maumivu.

Mnacheka? Mama wa pale upande wa kwaya, wewe uliyecheka kuliko wote, kabatini kwako kuna nini?

Sasa, bibi naye hakuwa mtu wa kupokea tu. Kila mwaka, mvua zikikatika, alikuwa akiwaandalia wajukuu zawadi kwa mikono yake mwenyewe. Alichagua vifuu vya nazi vilivyo duara vizuri, akavikwangua kwa kipande cha chupa, akavisugua kwa majani ya msasa mpaka vikateleza, akavitia mpini wa mti. Kila mjukuu akapata upawa wake wa kutekea mchuzi, mdogo, wa kutosha kiganja cha mtoto. Mwaka mwingine alisuka vifumbu vidogo vya ukindu, vya kuchujia tui. Mwaka mwingine alichonga miiko. Na kila alipowapa, aliwaambia maneno yale yale: "Mimi sikai milele. Nataka siku ambayo sipo, wali wa nazi mpike wenyewe, na utamu usipungue."

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa bibi yule. Hakutamani nyumba ya ghorofa, hakutamani gari. Alitamani wajukuu wake wajue kupika chakula chake kabla hajafumba macho. Ndiyo maana alivumilia bega lile lile bovu, akakwangua vifuu. Wajukuu nao walipokea kwa shangwe, vitu vikaingia garini, gari likaondoka, na bibi akabaki getini akipunga kwa mkono wa kushoto.

Ikafika Krismasi moja ambayo hawakuweza kuja. Mkwe alikuwa amejifungua mtoto wa nne siku chache tu kabla. Mnajua desturi yetu. Mzazi lazima akandwe maji ya moto, apikiwe uji, apumzike. Nani atafanya? Bibi! Akafunga mizigo: nazi kumi na tano, mchele wa shambani, na kuku mmoja mwenye hasira. Akaenda mjini, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumba ya mwanawe, maana siku zote wao ndio waliomfuata.

Alipoingia sebuleni akaona kabati la vioo, refu mpaka karibu na dari, lina taa ndani. Na chini ya zile taa, zimepangwa kwa ukubwa, akaona pawa zake. Akaona vifumbu vyake. Akaona na miiko. Kila kimoja kilikuwa na kikaratasi kimeandikwa jina la mtoto na mwaka.

Mkwe, pamoja na uchovu wa uzazi, alisimama karibu yake kwa fahari. "Mama, unaona tulivyoviheshimu vitu vyako? Hakuna mtoto anayegusa. Kila mgeni akija anauliza vimetoka wapi."

Bibi akauliza polepole, "Na wali wa nazi mnapikia nini?"

"Siku hizi kuna tui la pakiti, mama. Lakini mara nyingi tunapika wali mweupe tu. Watoto hawajazoea nazi."

Hawajazoea nazi! Wajukuu wa mwanamke yule! Bibi alikaa kwenye kochi, akauma ncha ya kanga yake. Ilimuuma, wapendwa. Ilimuuma kuliko bega.

"Nilivitengeneza vichafuke," akasema, na sauti ikaanza kupanda. "Nilivitengeneza viingie chunguni, viungue, vipate masizi, vioshwe, virudi tena chunguni! Nani amewaambia upawa ni picha ya ukutani? Mtoto wa shamba langu hajui ladha ya tui, na upawa wangu umewashiwa taa!"

Mkwe akainama. Mwana akawa anachunguza kidole gumba cha mguu wake. Na nani angemjibu? Mkwe hamjibu mama mkwe, tena aliyekuja kumkanda. Mwana hamjibu mama yake. Lakini mjukuu! Mjukuu na bibi yake wana utani. Mjukuu anaweza kumwambia bibi yake kwamba meno yamebaki mawili na yote yanagombana, na bibi akacheka. Basi mjukuu wa kike, mwenye miaka kumi, akaja akamkalia bibi mapajani, akamshika mashavu.

"Bibi, eti, blenda bado imevaa kitambaa?"

Bibi akakunja uso. "Kitambaa gani?"

"Kile cheupe cha maua. Na birika lina chake. Tukija kwako baba anatuambia, msiguse kabati la bibi, vile amevitunza kwa heshima. Tulivyorudi na sisi tukavitunza vyako vile vile."

Hata yule kuku, amefungwa miguu pale mlangoni, aligeuza shingo. Bibi akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Nini kikatoka? Kicheko! Alicheka mpaka machozi, akacheka mpaka mtoto mchanga akaamka, akapiga paja lake akisema, "Kumbe mwalimu wenu ni mimi! Nimewafundisha mwenyewe, halafu nawachapa kwa kufaulu!"

Akasimama. "Leteni ufunguo wa hili kabati."

Ufunguo ukatafutwa kwenye droo, chini ya zulia, kwenye kopo la vifungo. Haukuonekana. Ilikuwa imepita miaka na hakuna aliyekumbuka kulifungua, maana vitu vilikuwa vinaonekana vizuri tu kwa nje. Ikabidi mwana alete bisibisi, akabandua ubao wa nyuma. Bibi akaingiza mkono, akatoa upawa wa yule yule mjukuu wa miaka kumi. Akaushika mpini auinue. Mpini ukakatika mkononi, na unga mweupe ukamwagika sakafuni.

Dumuzi. Wameula mti wote kwa ndani. Na kwa nje, chini ya ile taa, ulikuwa unang'aa!

"Mnaona?" bibi akasema. "Upawa wangu wa nyumbani nilianza kuutumia kabla baba yenu hajaota meno. Kila siku uko kwenye mchuzi, kila siku uko kwenye moshi, kila siku unaoshwa. Dumuzi atapata nafasi saa ngapi?"

Mwana akakata fimbo ya ufagio, akachonga mpini mpya. Sasa wakataka tui, na mbuzi imebaki shamba! Mkwe akasema kwa woga, "Mama, hapa jikoni tunayo blenda, kama ile yako." Bibi akaitazama. Akavuta pumzi. Akatia vipande vya nazi, akatia maji, akabonyeza kwa kidole kimoja huku amefumba macho. Ilipounguruma akaruka nyuma na kumkumbatia mkwe wake. Tui lilipoanza kuonekana jeupe ndani ya jagi, akafumbua macho akasema, "Tena!" Nazi tisa, ndugu zangu. Nazi tisa, na bega halikusema neno. Watoto wakachuja kwa vile vifumbu vyao, tui likawamwagikia mpaka kwenye viwiko, wakateka kwa pawa zao, wakagombania kukoroga. Kuku mwenye hasira naye akatulia, mkielewa ninavyosema. Wali ulipoiva yule mjukuu wa miaka kumi akampelekea bibi wa kuonja, akasimama mbele yake, upawa mkononi.

"Bibi, utamu umepungua?"

Bibi akatafuna. Akatafuna tena, anamchelewesha makusudi. "Umepungua chumvi tu," akasema, na mtoto akakimbilia chumvi kama anaitwa na malaika.

Sasa, sisi.

Mimi nilipanga kuwaletea bibi huyu ili niwacheke nyinyi na makabati yenu. Mungu si Athumani, Jumatano nikaingia stoo ya kanisa kutafuta ngazi ya kutundikia mapambo. Nikakuta maboksi manne ya vikombe vya kauri, vina maua ya bluu, bado vimeviringishwa karatasi zake. Akina mama wa usharika huu walivitoa miaka sita iliyopita ili tunywe chai pamoja. Nikauliza mbona havitumiki. Nikajibiwa, "Vya Askofu hivyo." Askofu amekuja mara mbili, wapendwa. Mara zote mbili alikunywa soda. Na nani mwenye stoo? Mimi, mchungaji wenu, ndiye niliyesema mwaka ule, "Viwekeni, watoto watavivunja."

Tunatunza, sisi! Ni hodari wa kutunza. Mwingine humu amepewa sauti ambayo ikifunguliwa paa linainuka, anasema naitunza, sijawa tayari. Mwingine amepewa mikono ya kuuguza, jirani anaumwa wiki ya tatu, naye hajagonga mlango. Wewe baba, unampenda mkeo. Najua unampenda. Huo upendo uko wapi? Umeuweka. Utautoa siku ya msiba, utasimama mbele ya jeneza usome risala ya kurasa nne, watu walie, na yeye ambaye ilikuwa haki yake kuisikia hasikii. Mtolee leo! Mwambie leo, akiwa amekaa hapo na kanga yake begani, aone haya, acheke! Na wewe uliyekuja hapa kila Jumapili umekunja msamaha wa dada yako kwenye nailoni yake, unausubiri nini? Dumuzi hawasubiri. Kwa nje tunang'aa, tuna vikaratasi vya majina na miaka. Ukitushika mpini, je?

Zimebaki siku nne tufike Krismasi. Mungu naye alikuwa na Zawadi yake, ya pekee, hana nyingine. Angeweza kuiweka juu huko, kwenye utukufu, isiguswe na mtu, tuitazame kwa mbali na kusifu. Aliiweka wapi? Horini! Kwenye chombo cha kulishia ng'ombe, chenye mate na majani makavu. Aliitoa ishikwe na wachungaji wasionawa mikono. Aliitoa ilie, ibebwe, itembee kwenye vumbi, ikae mezani na wenye dhambi. Aliitoa itumike.

Na sisi tumemfanyia nini Mtoto yule? Tarehe ishirini na tano tunamtoa, tunampigia vigelegele. Tarehe ishirini na sita tunamtandikia kitambaa tunamrudisha, mpaka mwakani. Mwacheni jamani! Mwacheni aingie jikoni kwenu, kwenye moshi, kwenye ugomvi wenu wa asubuhi, kwenye vyombo visivyooshwa. Huko ndiko alikokuja.

Mzee Semboja, ufunguo wa stoo uko kwako au kwa Mama Mtunguja? Usinitazame hivyo, mzee wangu, pekua mfuko wa koti. Haya, nauona. Ibada ikiisha hakuna anayeondoka. Tunafungua maboksi yote manne, tunakunywa chai kwa vikombe vya maua ya bluu, na watoto ndio watakaoanza.