Jua la Fundi Ngiri

Wewe hapo, umewahi kuuziwa jua?

Mama Kanga nusura auziwe. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na umbea, alikuwa na mayai kumi na manane ndani ya kasha la kutotolea vifaranga. Zilibaki siku mbili yaanguliwe. Mkaa wa kulipasha joto kasha ulibaki wa siku moja.

Ndipo akaja Fundi Ngiri, meno nje, na paneli ya sola laini. Akaikunja kama mkeka. Fyuu! Akaikunjua.

"Mama, paa lako la makuti limechoka. Paneli ya kioo italiporomosha. Hii ni nyepesi kama unyoya wako!"

Hapo alisema kweli, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi Kindi, jirani mdogo wa mwili. Kindi hakumpenda mtu anayetanguliza ukweli kama chambo.

"Fundi, ikilala juu ya makuti bila hewa chini yake, haitaungua?"

"Wapi!"

"Itadumu miaka mingapi?"

"Mpaka wajukuu waote mvi!"

"Wajukuu wa nani? Wako au wa mbu?"

Ngiri akacheka kupita kiasi. Akaitandaza paneli juu ya paa, akateremsha waya hadi kwenye boksi jeusi, akaning'iniza taa ya joto ndani ya kasha. Pwaa! Ikawaka. Boksi akalikalia.

"Sasa leta malipo yangu, gunia la karanga."

"Ngoja niigeuze ielekee jua vizuri," akasema Kindi. Ngiri hajafumbua mdomo, Kindi yuko juu. Chakacha, chakacha!

"Fundi! Mwanga umeongezeka?"

"Umeongezeka! Jua la leo si mchezo!"

"Na sasa?"

"Lo! Unaumiza macho! Mama Kanga, huoni?"

Mama Kanga aliona mwanga uleule. Lakini nani abishane na fundi?

Puu! Kindi akatua mlangoni. Kwapani ana paneli, imekunjwa, waya unaning'inia. Taa bado inawaka.

Ndani ya yai moja kukasikika: ko, ko.

"Mama Kanga," akasema Kindi, "paneli tumrudishie. Hili boksi ndilo lina jua. Libaki hapa miaka yote, mpaka wajukuu waote mvi."

"Jua gani!" Ngiri akaropoka. "Ni betri! Ya siku tatu tu! Hiyo paneli ni plastiki, nimeipaka rangi mwenyewe!"

"Siku tatu zinatosha," akasema Kindi. "Mayai yanataka mbili tu."

Anayekusifia jua, mwombe kwanza akuonyeshe kivuli.