Kwa Nini Mbwa Akitangulia Hugeuka Kukutazama

Zamani theluji ya Kilimanjaro haikukaa kileleni peke yake. Ilishuka mpaka migombani, na msimu wa baridi watu hawakwenda kwa miguu: walipanda juu ya ngozi kavu ya ng'ombe, wakafunga mbwa sita mbele, wakaachia. Mbwa wa siku hizo alikimbia tu. Kutazama nyuma hakukujua. Na anayewaambia kwamba mbwa hugeuka kwa woga ni mwongo. Mleteni hapa nimwambie usoni.

Siku moja mkunga Mkunde aliletewa habari kwamba binti yake, aliyeolewa ng'ambo ya mlima, ameshikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Mkunde hakungoja hata uji upoe. "Haya, Kishindo!" akamwita mbwa wa mbele. Mbwa wakabweka kwa furaha mpaka bonde likaitika, kisha walipoachiwa, kimya! Ikabaki sauti ya ngozi, shwaa, shwaa, theluji ikiruka usoni, miti ikipita mbio huku na huku. Mkunde, pamoja na hofu yake yote, akapiga kigelegele. Nani angejizuia?

Penye kona ya mteremko ngozi iliruka jiwe, mkunga akachomoka, akazama kwenye theluji hadi kifuani. Akaita. Wapi! Mbwa walipoona mzigo umekuwa mwepesi, ndiyo kwanza wakazidisha mbio.

Wakaingia uani kwa mkwewe wakihema, mikia juu, wakingoja sifa. Mkwe akaitazama ngozi tupu. "Mmeniletea nini, nyie? Ngozi? Mkunga yuko wapi?" Ndani mkewe akapiga ukelele. Ndipo Kishindo alipogeuza shingo kwa mara ya kwanza, akaona hakuna mtu. Hakungoja kuambiwa. Akawageuza wenzake, wakaupanda mlima ule ule kwa mbio zaidi kuliko walivyoushuka.

Mkunde alikuwa amekwisha kujikwamua, anatembea, anatukana. "Mjinga wee! Umefika upesi, umefika na nani?" Akaketi juu ya ngozi. Safari hii Kishindo alikimbia kidogo, akageuka, akakimbia, akageuka, na mwanamke akamjibu kila mara, "Nipo! Kaza!" Wakafika. Mikono ya mkunga ikamweka mtoto sawa, naye akatoka akilia kuwashinda mbwa wote sita.

Na tangu siku hiyo, ingawa theluji imehamia juu na ngozi siku hizi tunazilalia, mbwa akikutangulia njiani husimama, akageuza shingo, akakutazama. Usimfokee. Mwambie upo.