Kiti Kilichochakaa Upande wa Kushoto

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba kitu chema hakihitaji mpiga debe. Wenye macho hukifuata kiliko. Kibovu ndicho huzungushwa mlango hadi mlango, kimepakwa mafuta na kuvishwa sifa. Anayebisha na amuulize Rahabu wa Issuna.

Rahabu alikuwa mchanja kuku. Alikuwa mfupi, hata ndugu zake walimtania kwamba akiingia shambani, alizeti humwinamia kumsalimu. Ufupi huo haukumsumbua mpaka alipohitaji pikipiki. Mwaka jana alipeleka chanjo ya mdondo, ugonjwa unaofyeka kuku, ng'ambo ya korongo kwa baiskeli. Mchanga ulimkamata, barafu ikayeyuka, chanjo ikaharibika, na kuku wa ng'ambo wakapukutika kama majani. Mwaka huu kikundi cha wafugaji kilimwambia waziwazi: apate pikipiki, la sivyo kazi atapewa mwingine. Rahabu aliipenda kazi ile kwa moyo wake wote, na maneno hayo yalimkosesha usingizi.

Shida ilikuwa pikipiki yenyewe. Ya barabarani ingezama mchangani. Alihitaji ile ndogo ya porini, yenye matairi ya meno na tumbo lililoinuka juu ya mawe. Lakini kila aliyoijaribu ilimwacha akining'inia kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi.

Ndipo Chediel, dalali wa pikipiki, alipofika nyumbani kwao bila kuitwa. Alikuja na pikipiki ya porini iliyooshwa ikameremeta.

"Kaa, dada Rahabu. Hii imeshonwa kwa kipimo chako."

Rahabu akakaa. Nyayo zote mbili zikatua chini barabara. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukasita. Kiwanda gani kilimjua yeye?

Mama yake, Marietha, alikuwa mnunuzi wa ng'ombe mnadani tangu ujana wake, na macho yake hayakumwamini mtu. Aliizunguka pikipiki ile, akakikandamiza kiti kwa mikono miwili. Kilikuwa kigumu kama kigoda.

"Mnadani wapo ng'ombe wanaolishwa chumvi, wakanywa maji mpaka tumbo likajaa," alisema. "Ukimfikisha nyumbani, kesho mbavu zinahesabika. Hebu mwanangu aipakie mzigo, ashuke nayo korongoni."

"Leo nina haraka, mama," Chediel alijibu, akawasha na kuondoka.

Kesho yake alirudi, safari hii na kofia ngumu ya bure. Baada ya hapo akawa anapiga simu asubuhi na jioni. Kadiri sifa zilivyoongezeka, ndivyo shaka ya Rahabu ilivyokua. Alianza kumwogopa mtu yule kama unavyomwogopa mganga anayekubishia hodi kabla hujaugua.

Siku ya kuchukua chanjo mjini Singida, Rahabu alipitia Unyambwa, ambako alisikia kuwa bwana mifugo mstaafu, mzee Naftali, anauza pikipiki yake. Alimkuta amekaa kwenye kigoda akipura alizeti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Iko bandani. Fukuza kuku uitazame."

Basi! Hakusema zaidi. Pikipiki ilikuwa ya porini, ndefu kwenda juu, imejaa vumbi, na kuku walikuwa wamechafua tangi. Kiti chake kilikuwa kimechakaa, lakini upande wa kushoto tu. Upande wa kulia ulikuwa mzima kabisa. Shaka ikamvaa Rahabu upya. Ilianguka nini, ikaburutwa?

"Mzee, mbona kiti kimeliwa upande mmoja?"

"Ipande utajua."

"Na mbona unaiuza?"

"Magoti."

Mtu asiyeisifia mali yake anaficha nini? Rahabu alikuwa ameshalinyanyua sanduku lake la chanjo aondoke, mzee Naftali aliposimama kumsindikiza. Rahabu akabaki kinywa wazi. Mzee yule alimfikia begani!

Akaelewa. Miaka yote ile, kila aliposimama, mzee alitelezea kushoto, akatua mguu mmoja chini na kuuacha wa pili juu. Rahabu akapanda, akateleza vilevile, na mguu wake wa kushoto ukagusa ardhi.

"Mmoja unatosha," mzee alisema. "Wa pili unautakia nini, uote mizizi? Na ukitaka kusimama, simama penye jiwe. Singida hatujakosa mawe."

Rahabu alizunguka nayo kwenye majabali ya jirani, na tumbo la pikipiki halikugusa hata kokoto. Akainunua palepale, akafunga sanduku nyuma, akaelekea Issuna.

Alipofika korongoni alikuta mkokoteni wa punda. Juu yake ililala pikipiki ya Chediel, ikichuruzika oili. Chediel alikuwa amekuja tena kuinadi, na safari hii mama Marietha hakumwachia. Alimpakilia madebe mawili ya alizeti na kumwambia avuke. Springi zilikuwa zimekatwa ili kiti kishuke. Mzigo ulipoikalia, jiwe la kwanza tu likapasua tumbo la injini.

"Hitilafu ndogo tu, dada," Chediel alisema huku akijifuta jasho. "Nikiitengeneza nakupunguzia bei."

Rahabu aliisimamisha pikipiki yake kando ya jiwe, mguu mmoja juu ya jiwe hilo. Mama Marietha aliitazama pikipiki yenye vumbi kwa jicho la mnadani.

"Na hiyo, nani amekusifia?"

"Hakuna mtu, mama."

Mama akakikandamiza kiti. Kikashuka, kikarudi juu. Kwa mara ya kwanza wiki ile, akacheka.

"Vuka basi, kuku wanangoja."

Rahabu akavuka mchanga, barafu bado inagongana sandukuni, na machozi ya furaha yakimtoka bila haya. Nyuma yake punda aliikokota pikipiki inayong'aa kurudi barabarani, naye Chediel alikuwa ameshaanza kumsifia mwenye punda uzuri wa pikipiki hiyo. Hakika, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.