Kengele ya Ndovu

Hapo zamani za kale, sogeeni hapa, wanyama walikuwa wakivuka mto kuuza bidhaa zao nchi ya ng'ambo.

Bi Pimbi alikuwa na magunia matatu ya ufuta, tegemeo la wanawe kiangazi kizima. Asubuhi moja akasikia ti! ti! ti! Ndovu huyo, mfanyabiashara wa miwa, na karani wake Nyani.

"Jirani mpenzi!" Ndovu akacheka. "Nimeleta sheria mpya ya biashara. Wote sasa ni sawa! Tutaitana kwa kamba yenye kengele: ukivuta huku, inalia kule. Aitwaye asipoitika mara tatu, bidhaa yake ni ya mwitaji."

Tangu lini mimi ni mpenzi wake? Bi Pimbi akawaza. "Kamba imefika wapi?"

"Kwangu."

"Na kwangu?"

"Itafika, itafika! Ila sheria inaanza leo. Asiyetia alama kwenye mkataba huu havuki mto."

Machale yakamcheza Bi Pimbi. "Nitatia. Lakini ongeza neno: kila mmoja aite kwa njia aliyo nayo."

"Hahaa! Kasauti hako? Andika, Nyani!" Ndovu akagonga mguu kwenye mkataba, pu! Bi Pimbi naye akatia alama yake. Ndovu akaondoka mbio kwenda kupiga kengele yake.

Bi Pimbi akamkamata Nyani mkono. "Wewe ngoja. U shahidi." Akaingiza kichwa kwenye shimo lake. "Hodi, Ndovu! Hodi! Hodi!"

Bi Pimbi akatoa kichwa.

"Haya, karani, andika: Ndovu hakuitika."

Punde Ndovu akarudi anahema, wanyama wengine nyuma yake. "Nimekuita mara tatu! Lete ufuta!"

"Mimi nilitangulia kukuita. Miwa yako yote ni yangu. Nyani, soma."

Nyani akasoma: "Kila mmoja aite kwa njia aliyo nayo. Bi Pimbi ameita mara tatu, Ndovu hakuitika."

"Wizi huo!" Ndovu akanguruma. "Sauti yako haikufika kwangu!"

"Lo! Na kengele yako ilifika kwangu?"

Wanyama wakaangua kicheko. Ndovu akaunyoshea mkonga mkataba. "Basi tuuchane mkataba."

"Thubutu! Nyosha kamba mpaka kila mlango, ndipo nikurudishie miwa yako, na ufuta wangu usiuguse."

Wiki nzima Ndovu alivuta kamba, jasho likimtoka. Kila alipofunga kengele, Bi Pimbi alipita nyuma yake akiijaribu, nge! nge! nge!, maana bado hakumwamini hata chembe.

Sheria haiwi ya wote mpaka kengele ilie kwa wote. Nami nimemaliza, na asiyenisikia aseme sasa, nisije nikadhani amekubali.