Magunia Mia ya Mbwasa

Alfajiri ya Jumanne moja, katika mwezi wa Aprili, daraja la mto Mbwasa lilikatika likiwa na lori moja juu yake.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mtu mmoja alikuwa na lori, na alikuwa na mdogo wake. Mtu huyo aliitwa Ambilikile, mdogo wake Tuntufye. Walibeba viazi kutoka milimani kwenda mjini. Viazi vilifungwa kwa lumbesa, kama vya kila mtu kule: gunia hujazwa mpaka mdomoni, huongezewa wavu juu, hujazwa tena, ndipo hushonwa. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Mkulima hunung'unika, kisha hupakia. Lumbesa imekatazwa, na imezoeleka.

Mwaka huo mkoa ulitaka kupanga upya barabara zake. Daraja la Mbwasa lilikuwa la mbao, na watu waliomba la zege. Wapangaji hawakujua ni mzigo gani unaopita pale, kwa hiyo walituma watu kuwauliza madereva. Kizuizi cha Mbwasa alipewa mwanamke aliyeitwa Mwanaidi. Alisimamisha malori, akauliza yanatoka wapi, yanakwenda wapi, yamebeba nini na kiasi gani.

"Viazi," alisema Ambilikile. "Magunia mia."

Mwanaidi aliinua macho. Kila gunia lilikuwa na kilemba chake cha wavu, na springi za lori zilikuwa zimelala.

"Kaka, hayo ni magunia mia kweli? Mimi sitozi faini. Majibu yenu ndiyo yatakayojenga daraja."

"Wote husema hivyo, dada, halafu faini inafuata nyuma. Gunia ni gunia."

Tuntufye alichungulia dirishani. "Dada anataka kuhesabu vilemba. Kaka, tumshushie avue kimoja kimoja."

Foleni ilikuwa ndefu na honi zilikuwa zinalia. Swali ambalo Mwanaidi alitumwa kuuliza lilikuwa la magunia. Akaandika mia.

Madereva wengine walijibu vivyo hivyo. Ofisini kila gunia lilihesabiwa kilo mia, kwa sababu ndivyo gunia linavyotakiwa kuwa. Ikaonekana kwamba mizigo ya Mbwasa ni myepesi. Zege likapelekwa mto mwingine. Mbwasa ilibadilishiwa mbao na kuwekewa kibao: mzigo usizidi tani kumi.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaja idadi ya uongo. Shikeni hilo.

Siku ya Jumanne ile mto ulikuwa umejaa. Tuntufye, ambaye sasa ndiye aliyeendesha, alisimama mbele ya kibao, akashuka, akakanyaga ubao wa kwanza. Kisha akampigia simu kaka yake, aliyekuwa mjini na mnunuzi.

"Kaka, mbao zinalia. Na kibao kinasema tani kumi."

"Umepakia magunia mangapi?"

"Mia."

Ambilikile alikuwa amelitoa jibu hilo barabarani kwa miaka mingi. Sasa alilipigia hesabu.

"Mia mara kilo mia ni tani kumi. Hujazidisha. Pita, mdogo wangu, watu wanasubiri."

Tuntufye alipita. Lori lilifika katikati.

Mwili wake ulipatikana mchana, chini ya magunia. Wanaume wanne walishindwa kuliinua gunia la kwanza, wakalipasua kwa panga na kumwaga viazi mtoni ili wamfikie. Ambilikile alifika wakati wanapasua la tatu. Alisimama ukingoni, hakusaidia.

Jioni polisi aliyekuwa anachukua maelezo alimuuliza Ambilikile kwamba mdogo wake alikuwa amebeba nini na kiasi gani.

"Viazi," alisema Ambilikile. "Magunia mia."

Polisi aliyatazama magunia yaliyokuwa yamebaki ukingoni, na vilemba vyake. Akaandika mia.