Unga kwenye Injini ya Kapinga

Kuongeza maji si kuziba tundu. Mmelisikia neno hilo leo kwa shangazi yenu, mkaniuliza limetoka wapi. Sikilizeni, chanzo chake ni hiki.

Huko milimani Mbinga aliishi Mzee Kapinga, mwenye pikapu kuukuu ambayo ndiyo pekee iliyopanda hadi kijijini kwao. Wagonjwa wote waliteremka nayo kwenda hospitali. Gari lile lilikuwa likipoteza maji. Kapinga alitazama chini ya injini kila asubuhi, akakuta pakavu, akasema, "Gari zee lina kiu tu." Basi akawa anasafiri na madumu ya maji, na kila lilipochemka alisimama akalinywesha. Mkewe, Bi Sabina, alimsihi alichunguze. Yeye alicheka.

Siku moja mkwe wao, Oresta, mke wa mwanao Gaudensi, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Wakampakia, Sabina akachukua vyombo na mfuko wa unga wa muhogo wa kupikia uji huko hospitalini. Walipofika katikati ya mlima, mshale wa joto ulipanda, mvuke ukafuka kwenye boneti. Kapinga alilinywesha dumu la kwanza, wakaenda. Mwendo mfupi tu, likachemka tena. Sasa lilibaki dumu moja.

"Lete hilo," Kapinga akasema, akinyoosha mkono.

Sabina akalikumbatia dumu. "Silitoi, Baba Gaudensi. Ukilimwaga tutafika kona ile, halafu?"

"Mtoto anakuja, Mama Gaudensi! Unataka nikae tu?"

"Nataka tujue maji yanakwenda wapi. Kuongeza maji si kuziba tundu!"

Oresta akaguna kutoka ndani. "Baba, msikilize Mama. Mimi bado naweza kuvumilia."

Kapinga akaushusha mkono. Kisha akafungua boneti, wakaacha injini ipoe, maana mfuniko wa rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, ukifunguliwa ukiwa na moto, mvuke huruka na kuunguza uso. Kusubiri kule kulikuwa kugumu. Sabina alimkanda mkwewe kiuno, Kapinga akizunguka gari akisali.

Injini ilipopoa alitia nusu ya maji, akafuta mipira yote ya kupitishia maji kwa kitambaa hadi ikakauka. Lakini ataonaje tone dogo kwenye chuma cheusi? Sabina akafungua mfuko wa unga.

"Nyunyizia huu," akasema. "Palipolowa patajionyesha."

Kapinga akanyunyizia, akawasha gari. Mwanzoni hakuna kitu. Injini ilipopata moto na maji kuanza kusukuma, unga kwenye mpira wa chini wa rejeta ukageuka uji. Mpira ulikuwa umepasuka palepale chini ya pete inayoubana. Kila tone lilidondokea kwenye chuma cha moto likawa mvuke, ndiyo maana chini hapakulowa kamwe.

"Kumbe hapa!" Kapinga akapiga kelele kama aliyempata ng'ombe aliyepotea.

Akazima gari, likapoa tena kidogo. Akauchomoa mpira, Sabina akikinga maji kwa chombo, kisha Kapinga akakata ile ncha mbovu kwa kisu, akauvuta mpira uliobaki, ukafika. Akaurudishia pete na kuikaza kwa nguvu zake zote. Akamimina maji yaliyokingwa pamoja na yaliyobaki kwenye dumu. Wakateremka mlima wakiukodolea macho mshale, nao haukupanda.

Oresta alijifungua mtoto wa kike jua likiwa bado juu. Kapinga alipompakata, unga ulikuwa ungali kwenye ndevu zake.

Miezi ikapita. Jirani yao Ndunguru alikuwa akiumwa kichwa, na kila siku akimeza vidonge vya dukani, kikitulia anarudi shambani. Asubuhi moja Kapinga akaliegesha gari mlangoni pake.

"Panda, ukapimwe."

"Nimeshameza dawa, Kapinga. Kimetulia."

Kapinga akamfungulia mlango wa gari. "Ndugu yangu, kuongeza maji si kuziba tundu."